Hukumu ya Fahali Waziri

Fahali wa baba mdogo Ngassa alichinjwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na hati yake ya mashtaka niliiandika mimi kwa kalamu ya wino wa bluu. Naeleza kwa utaratibu, kwa sababu masista wa shule yetu ya bweni walitufundisha kwamba mtu akiungama ovyo ovyo, padri husinzia.

Ngassa alikuwa mume wa mama yangu mdogo, Felisita. Waliishi Nkoma, katika nyumba ya bati yenye mashamba ya pamba nyuma na zizi mbele. Ndoa yao ilikuwa na miaka saba na haikuwa na mtoto. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nikapelekwa kwao likizo ya Juni kwa sababu mama yangu mzazi alidai kwamba nikikaa nyumbani Bariadi, kuku wanaacha kutaga. Nilikuwa nimewavalisha soksi, mara moja tu.

Mama yake Ngassa, ambaye wote tulimwita kwa Kisukuma mayu, yaani mama, Kwandu, alikuwa ametoa tarehe. Pamba ikiisha kuuzwa na Felisita bado hana mimba, atarudi kwao Sola. Hakusema kwa hasira. Alisema huku akipepeta choroko, kama mtu anayekumbusha siku ya mnada.

"Na mimi nikirudi Sola," Felisita aliniambia jioni ile, "nitakuwa mwanamke aliyerudi. Unajua mwanamke aliyerudi hufanya nini, Goodness?"

"Hufanya nini, mama mdogo?"

"Hulea watoto wa kaka zake mpaka anakufa."

Kumbe alikuwa na siri. Mwezi wa nne aliaga kwamba anakwenda semina ya akina mama wa kanisa, akapanda basi mpaka Mwanza. Zamani hospitali ilikuwa ya serikali au ya misheni, basi. Sasa soko huria lilikuwa limefika hata kwenye tumbo la mwanamke, na kulikuwa na kliniki ya daktari binafsi, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri, iliyoshughulika na kitu kimoja tu: watu wasiopata watoto. Daktari alimpima, akampa karatasi yenye mhuri inayosema hana tatizo lolote, akampa na kijitabu cha Kiingereza. Kisha akamwambia maneno manne: "Sasa mlete na mume."

Karatasi aliificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Kijitabu alinipa mimi nimsomee, jikoni, mlango ukiwa umeegeshwa.

"Soma polepole. Na usiongeze ya kwako."

Nilisoma kwa sauti ya Sista Mkuu anaposoma matokeo. Njia ya kwanza hufanyika nyumbani. Mbegu za mume huwekwa kwenye chombo kisafi, hunyonywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na mke hujiwekea mwenyewe katika siku zake zinazofaa. Gharama ni bomba. Faida ni kwamba hakuna foleni wala mtu wa kukutazama. Hasara ni kwamba hakuna anayejua kama mbegu zenyewe ni hai.

Njia ya pili hufanyika kliniki. Mbegu hupimwa, husafishwa, zile zenye nguvu huchaguliwa, na daktari huzifikisha ndani zaidi.

"Wanazifua?" aliuliza Felisita.

"Wanazifua, mama mdogo."

"Kwa sabuni?"

"Sabuni haikutajwa."

Alicheka, na sikumsikia tena akicheka hivyo likizo ile. Njia ya tatu ilikuwa Nairobi, ambako yai na mbegu hukutanishwa ndani ya kioo. Akauliza ingegharimu ng'ombe wangapi. Nikamwambia zizi lote, pamoja na mlango wake.

"Basi hiyo ni ya wenye vinu vya pamba," alisema. "Tushike mbili za mwanzo. Nyumbani ni rahisi, lakini ni kupanda usiku bila kujua unapanda mbegu au makapi. Kliniki wanaanza kwa kupima. Lakini kliniki wanataka aende."

"Umeshamwambia?"

"Nilimwambia wiki ya Pasaka. Unajua alijibu nini? 'Mimi nipimwe? Mimi siyo pamba.'"

Msimu ule kampuni binafsi zilikuwa zimejaa kila kijiji na mizani zao, na kila mara Ngassa alirudi amevimba, kwa sababu kijana wa Mwanza aliyevaa miwani ya jua ameitazama pamba yake na kusema daraja la pili. Mwanaume aliyekwisha kuwekwa daraja la pili hadharani hataki kurudia ndani ya kikopo.

Palikuwa na njia ya nne, ambayo kijitabu hakikuiandika. Mayu Kwandu aliileta mwenyewe asubuhi moja, mimi nikisugua sufuria nyuma ya jiko na nikiwa nimesahaulika.

"Shigela analala peke yake nyumba ile," alisema. Shigela alikuwa mdogo wake Ngassa, mpole, fundi wa baiskeli, mwenye masikio yaliyosimama kama ya sungura. "Ni damu ileile. Wazee walifanya hivyo, watoto wakazaliwa, na hakuna aliyeuliza. Hakuna kwenda Mwanza, hakuna karatasi."

"Mayu, mimi nimefunga ndoa kanisani."

"Kanisa halitakuzalia."

"Na Ngassa anajua unachoniambia?"

"Ngassa hatakiwi kujua. Ndiyo dawa yenyewe hiyo."

Felisita alichukua ndoo akaenda kisimani, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Hapo ndipo nilipotoa ushauri wa kitaalamu. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Josia, bwana mifugo wa zamani wa serikali. Alipopunguzwa kazini alifungua duka la dawa za mifugo Bariadi, na kila Alhamisi alikuja josho la Nkoma kwa pikipiki, akaweka meza chini ya turubai, juu ya meza akaweka hadubini. Biashara yake kubwa ilikuwa kuuza mbegu za madume ya kizungu kutoka kwenye mtungi wa baridi, na ili mbegu zake zinunuliwe aliwapimia wafugaji madume yao bure, kwa matumaini ya kuyakuta mabovu.

"Hadubini ni hadubini," nilimwambia mama mdogo. "Haijui kinachotazamwa ni cha nani. Tukijua mbegu ni hai, ununue bomba tu, ubaki nyumbani. Zikiwa dhaifu, utajua namna ya kumbembeleza aende kliniki."

Alifikiri siku mbili. Kisha akasema: "Utasema ni ya dume la watu wa Sola. La mbali. Husemi zaidi ya hapo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Asubuhi ya Alhamisi alinikabidhi kichupa cha dawa ya macho kilichochemshwa, kimefungwa kwa kitambaa. Namna kilivyojaa ni mambo ya ndoa takatifu, nami sikuuliza. Kijitabu kilisema kisipoe, basi nilikibana kwapani na kwenda josho kwa mwendo wa askari.

Sasa naja kwenye kosa langu, na sitalipamba.

Josho lilikuwa limejaa ng'ombe, na mbele ya foleni alisimama Waziri, fahali wa Ngassa. Alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kipajini, na nusu ya ndama wa Nkoma walikuwa na baka lile. Josia alikuwa akimsuta mbele ya wachungaji: madume ya kienyeji yamepitwa na wakati, hii ni karne mpya, Waziri atajiuzulu. Nikafika mezani na kichupa changu.

"Mwangaluka, bwana mifugo."

"Mwangaluka, binti. Mbegu hizo? Za dume gani?"

Nilikuwa na neno Sola mdomoni. Lakini Waziri alikuwa pale, amenenepa, amejaa heshima, na niliona jinsi itakavyokuwa raha Josia akimpima na kukuta majeshi kwa majeshi, baada ya maneno yote yale. Nilikuwa na hakika kabisa. Haikunijia hata kidogo kwamba kichupa kinaweza kuwa kitupu. Nikatoa kalamu, nikaandika kwenye kitambaa: Mheshimiwa Waziri, Nkoma.

"Ni za huyo," nilisema. "Baba mdogo amemkamua mwenyewe."

Josia alishangaa kidogo, lakini mfanyabiashara hakatai zawadi. Akaweka tone kwenye kioo. Akatazama. Akafuta lenzi kwa shati. Akaweka tone jingine, kisha la tatu.

"Hakuna kitu," alisema.

"Zimekufa?"

"Hata maiti hamna. Ni maji. Mwambie mzee wako dume hili ni la nyama."

Nilirudi nyumbani, na safari hii sikutembea kama askari. Felisita alikuwa akikatakata mchicha. Nilimwambia maneno ya Josia kama yalivyo. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea, polepole.

"Siyo mimi," alisema. Baada ya muda akasema tena, kwa sauti ya mtu anayejifunza neno geni: "Siyo mimi."

Kisha akaanza kufuta njia. Bomba la nyumbani, basi. Kliniki kwa mbegu za Ngassa, basi. Nairobi, basi. Zilibaki mbili: mbegu za mtu asiyejulikana kutoka kwenye friji ya kliniki, kama kijitabu kilivyosema mwishoni kwa herufi ndogo, au Shigela.

"Ya friji," alisema. "Nitamwambia Jumapili tukitoka misa. Njiani, tukiwa wawili tu. Siku hiyo huwa ana moyo laini. Nitamwambia tutakwenda pamoja na tutarudi na mimba, na hakuna duniani atakayejua."

Alitabasamu, akaniambia niongeze chumvi. Sikumwambia nimeandika jina gani. Niliona ni jambo dogo, tena la kuchekesha.

Jumamosi ilikuwa mnada. Ngassa alikwenda na mabeberu wawili wa kuuza, nami nilimfuata kwa ajili ya muwa. Josia alikuwepo na kipaza sauti cha betri.

"Ndugu wafugaji! Mnalisha madume hewa! Zizi zima linakula majani ya bure! Nani hapa hamjui Waziri wa mzee Ngassa? Nimempima Alhamisi kwa kitaalamu. Tupu!"

Watu waliangua kicheko. Marcelo, mchinjaji, alipaza sauti kutoka kwenye kibanda chake: "Acha uongo, Josia! Mimi nina ndama wanne wenye baka jeupe. Wamezaliwa na upepo?"

"Hao ni wa zamani. Dume huisha kama betri. Nimetazama mara tatu. Kama huamini, muulize mwenye dume, aliyemkamua ni yeye!"

Ngassa alikuwa ameshika kamba ya beberu. "Nimemkamua nani?" aliuliza.

"Waziri. Mbegu aliniletea binti yako wa sekondari. Yule pale, mwenye muwa."

Nataka ieleweke kwamba baba mdogo hakuwa mjinga. Alinitazama mara moja tu. Alijua hajamkamua Waziri, na ukimwondoa Josia, hakuna mtu Nkoma nzima aliyewahi kumkamua dume akabaki na meno. Kama kichupa hakikutoka kwa Waziri, kilitoka kwa nani katika nyumba yake? Niliona swali hilo likimpita usoni, nikaona pia alivyogundua kwamba akisema "mimi sikukamua dume lolote," swali hilo hilo litawapita wote waliosimama pale, mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alikuwa ameanza kufunika mdomo kwa kofia.

"Ni kweli," alisema Ngassa. "Nilimkamua mimi. Dume limezeeka."

Marcelo alikuna kichwa. "Basi utamfanya nini?"

"Unatoa ngapi?"

Waliafikiana palepale. Ngassa alimtuma mtu wa baiskeli kwa Shigela, alete Waziri. Tulikutana nao njiani wakati wa kurudi, Shigela mbele na fahali nyuma, akitembea kwa adabu kama mtu aliyeitwa ofisini. Fedha aliyouzwa ingetosha njia ya pili mara mbili na nauli.

Felisita alikuwa amesimama mlangoni. "Shigela anasema umemuuza Waziri. Kwa nini?"

"Ulikwenda Mwanza?" aliuliza Ngassa.

Alinitazama mimi, kisha mume wake. Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo, akafungua karatasi yenye mhuri na kumpa. Mayu Kwandu alitoka jikoni akifuta mikono.

"Inasema nini hiyo?"

"Inasema mimi sina tatizo, mayu."

"Karatasi haizai," alisema Kwandu.

Ngassa hakuisoma. "Ungeniambia," alimwambia mke wake.

"Nilikuambia. Ukasema wewe siyo pamba."

"Ungeniambia tena."

"Nilitaka kukuambia kesho, tukitoka misa. Ngassa, nisikilize. Ipo njia. Kliniki wana mbegu. Tunakwenda wawili, tunarudi wawili, mtoto ni wako. Nani atajua?"

"Za mwanaume nisiyemjua?"

"Anayejulikana alikuwepo," Kwandu alisema taratibu, "akakataliwa."

Ngassa aligeuka kumtazama mama yake. Nadhani siku ile alijua mambo mawili kwa pamoja, na la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza, kwa sababu la pili hakuweza kumfukuza mtu kwa ajili yake. Mtu hamfukuzi mama yake.

Nilisogea mbele. "Baba mdogo, jina la Waziri niliandika mimi. Mama mdogo aliniambia niseme Sola. Nilifanya utani."

"Najua," alisema. Hakufoka. Ningependa angefoka. "Wewe utarudi shule. Huyu ndiye nitakayeamka naye kila asubuhi, na kila asubuhi atakuwa anajua. Nimemkana ng'ombe wangu mbele ya watu, Felisita. Kesho atachinjwa kwa ajili yangu. Siwezi kukaa na mtu anayejua hilo."

"Nilitaka kujua ili tupate mtoto. Kwa lingine lipi?"

"Rudi Sola."

Angeweza kuoa wa pili na kumwacha Felisita abaki. Wengi hufanya hivyo. Lakini mke tasa anavumilika. Mke mzima, mwenye karatasi, havumiliki. Jumapili Marcelo alileta ini la Waziri kama heshima ya muuzaji. Felisita alilipika, akamwekea mume wake mezani, akachukua sanduku. Nilimsindikiza. Njia nzima mpaka Sola nilimbebea sanduku, na mimi, ambaye sista wa darasa alinitabiria kwamba nitazikwa nikiongea, nilihesabu nguzo za simu.

Kabla msimu wa pamba haujaisha, Ngassa alimwoa Elizabeth kutoka Nyashimo. Mwaka haukuisha akajifungua mtoto wa kiume, akabatizwa Constantine. Nilimwona kanisani akiwa amebebwa. Masikio yake yamesimama kama ya sungura. Kila mtu alisema amefanana na marehemu babu, na Ngassa akanunua soda kwa kwaya nzima. Mayu Kwandu alimpakata mtoto huyo, akanitazama juu ya kichwa chake bila kupepesa. Njia ya nne ilikuwa imeshinda. Haikuwa na foleni wala karatasi, na aliyeifuata alinyamaza.

Desemba ya mwaka uleule, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa Sola kwa babu. Felisita alikuwa akilea watoto watatu wa kaka zake. Asubuhi moja pikipiki ilisimama uani. Alikuwa Josia, na chanjo ya mdondo wa kuku. Alipomwona Felisita alisahau kuku.

"Mama, nimekutafuta. Tangu Waziri achinjwe, kule Nkoma wamezaliwa ndama tisa wenye baka jeupe. Tisa! Wote walitungwa miezi ile ile niliyosema hana kitu. Watu wananicheka, duka halina wateja. Na nimesomea hiki kitu miaka miwili." Alishusha sauti. "Hebu niambie mimi peke yangu. Kile kichupa kilikuwa cha nani?"

Nilifungua mdomo. Ukweli ulikuwa tayari, umekaa zaidi ya mwaka, na safari hii nilitaka kuusema bila utani hata kidogo: ungemsafisha Josia, ungemsafisha fahali, na zaidi ya wote ungemsafisha Felisita, ambaye kisimani walikuwa wakimwita gogo lisilochipua. Alinikanyaga mguu kwa kisigino.

"Kilikuwa cha Waziri," alisema.

"Una hakika?"

"Binti aliandika jina. Hukuona?"

"Niliona." Josia alitikisa kichwa. "Basi hadubini yangu ndiyo mbovu."

"Huenda."

Aliwachanja kuku, akaondoka kwenda nyumba ya jirani. Niliketi chini nikisugua mguu.

"Kwa nini, mama mdogo? Angetangaza mnadani. Wote wangejua siyo wewe."

Felisita alimnyanyua mtoto mdogo wa kaka yake, akamfuta kamasi kwa ncha ya khanga.

"Na Constantine?" alisema. "Wakijua, atakuwa wa nani?"

Kisha akaniambia nikamate jogoo nimfuate Josia kwa jirani, alikuwa amemruka bila kumchanja.